Alama 322 za majaribio, 308 za mtihani: Zile 14 zilipotelea wapi?

Na Mwandishi Wetu, Juba

CHINI ya kaunta ya duka moja la jumla katika soko la Konyokonyo, jijini Juba, kuna madaftari mawili. La kwanza ni la mzigo: magunia ya unga wa mahindi, madumu ya mafuta ya kula na katoni za sabuni zinazotoka Kampala, zikavuka mpaka wa Elegu na Nimule, kisha zikapita kilomita 192 za lami hadi hapa. La pili ni dogo, na ni la matumizi ya mtu mmoja tu: mtoto wa kaka yake mwenye duka.

Katika daftari hilo dogo imo ada ya mtihani, zaidi ya dola 200 za Marekani. Imo nauli ya basi kwenda na kurudi Kampala, malipo ya chumba cha kulala, bando la intaneti la miezi minne na petroli ya jenereta. Ukurasa wa mwisho una namba mbili zilizozungushiwa duara: 322 na 308.

Ya kwanza ni alama aliyoipata kijana huyo nyumbani, kwenye mtihani wa majaribio, siku chache kabla ya kusafiri. Ya pili ni ile aliyoiona kwenye skrini ya kompyuta mjini Kampala alipomaliza mtihani wenyewe.

"Mimi nimezoea mzigo kupungua njiani," anasema shangazi huyo, ambaye pamoja na kijana wake wameomba majina yao yasitajwe. "Gunia linachanika, dumu linavuja. Lakini huwa najua limechanikia wapi. Hizi alama 14 zimevujia wapi, hakuna anayeniambia."

Swali lake si la duka moja. Wafanyabiashara wengi wa njia ya Juba, Kampala na Nairobi wanasomesha watoto au wadogo zao kwa faida ya mzigo. Mtoto anapomaliza shahada ya kwanza na kutaka ya uzamili, mara nyingi njiani huwa kuna mtihani wa kuingilia. Wapo wanaoomba vyuo vya Marekani na kukutana na GRE au GMAT. Wapo wanaoomba MBA Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho kina mtihani wake wa waombaji wa uzamili unaojulikana kwa kifupi kama GAT. Na karibu wote hao, kabla ya siku yenyewe, hujipima nyumbani kwa mitihani ya majaribio. Wengi hurudi na alama pungufu.

Mzazi au mlezi anayelipa hubaki na uamuzi mgumu. Je, alipe tena? Je, kijana alizembea? Je, zile alama za nyumbani zilikuwa za uongo?

Jibu tulilolipata baada ya kukaa na daftari hilo alasiri nzima ni kwamba alama nyingi kati ya zile 14 hazikupotea. Hazikuwahi kuwapo.

Mtihani wenyewe ukoje

GRE hutungwa na ETS, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1947. Tangu Septemba 2023 mtihani huo umefupishwa na sasa huchukua saa 1 na dakika 58. Huanza na insha moja ya dakika 30. Kisha hufuata sehemu mbili za lugha ya Kiingereza na sehemu mbili za hesabu. Sehemu ya kwanza ya lugha ina maswali 12 kwa dakika 18, na ya pili maswali 15 kwa dakika 23. Hesabu ina maswali 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26. Hakuna mapumziko yaliyopangwa katikati.

Lugha hupewa alama kati ya 130 na 170, na hesabu vivyo hivyo. Watahiniwa wengi hujumlisha hizo mbili, ndiyo maana utasikia mtu akisema "nimepata 308". Insha ina alama zake peke yake, kuanzia 0 hadi 6.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui hadi waketi mbele ya kompyuta. Sehemu ya pili ya lugha na ya hesabu hutegemea ulivyofanya ya kwanza. Ukifanya vizuri, ya pili huja ngumu zaidi, na hiyo ngumu ndiyo inayokufungulia alama za juu. Ukiteleza mwanzoni, ya pili huja nyepesi, lakini hata ukipata maswali yake yote hutafika mbali sana.

Kwa hiyo dakika kumi mbaya za mwanzo zina gharama. Kijana wa Konyokonyo anazikumbuka dakika hizo.

"Swali la saba la hesabu lilinikamata," anasema. "Nilijua ninalijua. Nikasema siliachi. Nilipoangalia saa, dakika sita zilikuwa zimekwisha kwa swali moja, na mawili ya mwisho sikuyagusa kabisa."

Hapo alifanya makosa mawili ambayo nyumbani hakuwahi kuyafanya. Ndani ya sehemu moja ya GRE maswali yote yana uzito sawa, kwa hiyo hakuna sababu ya kufa na moja. Na jibu lisilo sahihi halikatwi alama, kwa hiyo kuacha swali tupu ni kutupa bahati ya bure. Mtahiniwa anaweza kuweka alama kwenye swali gumu, akaendelea, na kulirudia kabla muda wa sehemu hiyo haujaisha.

"Nyumbani ningefanya hivyo," anakiri. "Nyumbani nilikuwa nasimamisha saa."

Daftari linasemaje

Kauli hiyo ya kusimamisha saa ndiyo iliyotufanya tuombe kuona kumbukumbu zake zote, si ile 322 peke yake. Aliziandika kwenye simu. Shangazi akatoa kalamu, tukazipanga kwenye karatasi juu ya kaunta kwa mpangilio wa tarehe, kama anavyolinganisha bidhaa zilizobaki stoo na zilizoandikwa.

Mtihani wa kwanza wa majaribio: lugha 153, hesabu 156. Jumla 309.

Mtihani wa pili, tofauti na ule wa kwanza: lugha 154, hesabu 158. Jumla 312.

Mtihani wa tatu: lugha 158, hesabu 162. Jumla 320.

Mtihani wa nne: lugha 159, hesabu 163. Jumla 322.

Ukizitazama hivyo, unaona kijana anayepanda ngazi. Lakini tulipomuuliza mtihani wa tatu aliupata wapi, alijibu bila kusita kwamba ni ule ule wa kwanza. ETS hutoa mitihani miwili ya majaribio bila malipo kwenye mtandao. Alipoimaliza yote miwili, akairudia. Wa nne ulikuwa ule wa pili.

"Lakini zilikuwa zimepita wiki saba," anajitetea. "Sikukumbuka majibu."

Hakuhitaji kukumbuka majibu. Akili hukumbuka zaidi ya tunavyodhani: kwamba swali hili lina mtego, kwamba hadithi hii ya kusoma inazungumzia nini, kwamba njia ndefu hapa haifai. Ukiliona swali mara ya pili unalifanya kwa nusu ya muda, na muda unaobaki unautumia kwa mengine. Alama inapanda, na sehemu ya kupanda huko ni ya mtihani huo mmoja tu. Haisafiri kwenda Kampala.

Shangazi alichukua kalamu akazikata 320 na 322. Zikabaki 309 na 312. Wastani wake ni 310 na nusu. Alama ya Kampala ni 308.

"Kumbe si 14," akasema polepole. "Ni mbili na nusu."

Kijana hakusema kitu kwa muda.

Hata mzani mzuri hutikisika

Hizo mbili na nusu nazo zina maelezo. Hakuna mtihani unaompima mtu sawasawa kila mara. Mtu yule yule, bila kujifunza wala kusahau kitu, akifanya matoleo mawili ya mtihani mmoja hupata alama zinazopishana kidogo, kwa sababu maswali ni tofauti, na kubahatisha kwake siku moja hufaulu zaidi kuliko nyingine. ETS wenyewe huchapisha kiasi cha kupishana huko. Kwa lugha na kwa hesabu ni takribani alama 2, juu au chini, kwa kila moja.

Maana yake, mtu aliyepata 308 hana uwezo wa 308 kamili kama gunia la kilo 50. Ana uwezo ulio mahali fulani kuizunguka 308. Kupungukiwa alama mbili au tatu kutoka kwenye majaribio ya kweli ni jambo la kawaida, na kuongezeka alama mbili au tatu pia ni jambo la kawaida. Tofauti ni kwamba anayeongezeka hasemi ni bahati.

Kosa la pili la hesabu linatokana na hapo. Mtu akifanya majaribio manne, huchukua lile la juu kabisa na kulitangaza. Kijana aliwaambia shangazi, marafiki na watu wa kanisani kwake kuhusu 322. Ile 309 hakuna aliyeisikia. Lakini matokeo ya juu kabisa katika mengi huwa yana uwezo ndani yake na bahati pia. Siku nyingine uwezo unabaki, bahati inaondoka.

Mwingereza Francis Galton aliliandika jambo hili mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao. Aliona kwamba wazazi warefu sana huzaa watoto warefu, lakini kwa wastani si warefu kama wao. Kilicho mbali sana na kawaida huelekea kurudi karibu na kawaida.

Wafanyabiashara wa Konyokonyo hawamhitaji Galton. Kila mmoja ana siku anayoikumbuka ambapo malori yalikwama njiani, sokoni kukawa na nyanya zake peke yake, akauza zote kabla ya adhuhuri kwa bei aliyotaka. Hakuna anayepanga kodi ya mwaka mzima ya duka kwa mauzo ya siku ile. Lakini kwa alama za mtihani, watu hao hao hupanga.

Usiku wa Juba, asubuhi ya Kampala

Kuwa na maelezo ya hesabu si kusema kwamba safari haikumgharimu kijana. Ilimgharimu, na haya ndiyo mambo anayeweza kuyarekebisha.

Kwanza ni saa. Tangu tarehe 1 Februari 2021, Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, na sasa Juba iko nyuma ya Kampala na Nairobi. Mtihani wa saa mbili asubuhi Kampala ni saa moja asubuhi kwa mwili uliotoka Juba jana yake. Majaribio yake yote manne aliyafanya kuanzia saa tatu usiku, wakati jenereta ya nyumba yao inapowashwa na nyumba imetulia. Hakuwahi hata mara moja kufanya hesabu za dakika 21 asubuhi kabla ya chai.

Pili ni barabara. Basi liliondoka Juba alfajiri na kufika Kampala usiku, baada ya zaidi ya kilomita 600, foleni ya mpakani na ukaguzi wa hapa na pale. Alilala saa chache, akaamka na kuanza kutafuta kituo cha mtihani katika jiji asilolijua vizuri. Aliokoa fedha za usiku mmoja wa chumba. Kwa mtazamo wa shangazi, huo ndio usiku ambao ulipaswa kulipiwa kabla ya kitu kingine chochote.

Tatu ni insha. Katika majaribio yote manne aliiruka, kwa sababu alama yake haimo katika ile jumla anayoitaka. Lakini siku ya mtihani insha hurukwi, na huja mwanzoni. Alipofika kwenye hesabu alikuwa ameshaandika kwa dakika 30, jambo ambalo mwili wake haukulizoea.

Nne ni mapumziko. Nyumbani umeme ulipokatika au mteja wa shangazi alipopiga simu, alisimamisha saa na kuendelea baadaye. Alidhani anajitendea haki, kwa sababu usumbufu haukuwa wake. Kumbe kila alipopumzika, akili ilipata nguvu mpya ambayo mtihani hauitoi.

Na tano ni hofu. Kijana anasema alipoona mtu wa jirani amemaliza na kuinuka, moyo ulianza kumwenda mbio. Mwaka 2011, Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha katika jarida la Science utafiti kuhusu jambo hili. Waliwapa baadhi ya wanafunzi dakika kumi kabla ya mtihani waandike kwa uwazi wanachokiogopa. Walioandika walifanya vizuri zaidi ya wasioandika, na faida ilionekana hasa kwa wale wenye hofu nyingi. Si dawa ya kila mtu, lakini haihitaji nauli.

Wanaofanyia nyumbani

Wapo wanaouliza kwa nini kijana hakufanyia Juba. Tangu mwaka 2020, wakati wa janga la korona, ETS imeruhusu GRE kufanyiwa nyumbani kwa kompyuta yenye kamera, huku msimamizi akikutazama kutoka mbali.

Kwa wakazi wa Juba njia hiyo inaokoa safari, lakini ina masharti yake. Chumba kiwe cha mtu mmoja na mlango ufungwe. Intaneti na umeme visiyumbe kwa saa mbili. Na karatasi ya kawaida ya kufanyia hesabu hairuhusiwi. Mtahiniwa hutumia ubao mdogo mweupe wa kufutika, au karatasi moja iliyowekwa ndani ya plastiki inayoonyesha, na kalamu ya wino unaofutika. Aliyefanya mazoezi ya miezi minne kwenye daftari kubwa, kisha siku ya mtihani akapewa kibao kidogo cha kufuta kila mara, atapoteza muda ambao hakuupanga.

Kanuni ni moja, uwe Juba au Kampala: jaribio linapima kitu cha kweli pale tu linapofanana na mtihani.

Kabla ya kulipa mara ya pili

Hapa ndipo fedha ya mlezi inapoingia. ETS inaruhusu kurudia GRE baada ya siku 21, hadi mara tano ndani ya miezi 12. Alama hudumu miaka mitano, na mtahiniwa anaweza kuchagua alama za mtihani upi zitumwe chuoni. Kwa hiyo kurudia hakufuti wala hakuchafui kile alichopata. Kinachopotea ni fedha na muda.

Swali la kwanza basi si "atarudia lini", bali "chuo kinataka nini". Tangu mwaka 2020 programu nyingi za uzamili za Marekani zimeacha kudai GRE au zimeifanya iwe ya hiari. Ukurasa wa masharti wa programu husomwa kwa dakika tano, na huenda ukaokoa dola 200. Waombaji wengine wana njia karibu zaidi. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliitangaza Jumuiya kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu, na Sudan Kusini ilikuwa imeshajiunga mwaka 2016. Kampala, Nairobi na Dar es Salaam si njia ya walioshindwa kwenda mbali.

Swali la pili ni alama zipi za majaribio zihesabiwe. Hesabu zile za mitihani ambayo kijana hakuwahi kuiona, iliyotungwa na wenye mtihani wenyewe, iliyofanywa kwa saa isiyosimamishwa. Mitihani ya kampuni nyingine ni mizuri kwa mazoezi, lakini alama zake ni makadirio ya kampuni hiyo, na yanaweza kuwa juu au chini. Maswali yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp nayo ni ya mazoezi tu. Na chukua wastani, usichukue ya juu kabisa.

Swali la tatu: tofauti iliyobaki baada ya hesabu hiyo ni ndogo au kubwa? Ikiwa alama ya mtihani iko chini ya wastani huo kwa mbili au tatu, kijana hakuharibu kitu. Amepata alichostahili, na kurudia bila kujifunza zaidi ni kurusha sarafu kwa dola 200. Ikiwa iko chini kwa kumi na zaidi, kuna kitu kilitokea siku ile: ugonjwa, usingizi, muda, hofu. Hapo kurudia kuna maana, ilimradi kitu hicho kijulikane na kirekebishwe.

Kijana wa Konyokonyo yuko katika kundi la kwanza, na hiyo ni habari chungu na nzuri kwa pamoja. Ni chungu kwa sababu ile 322 haikuwa yake. Ni nzuri kwa sababu hakuanguka, na kwa sababu sasa anajua anaanzia wapi. Programu anayoitaka imeeleza kwamba wengi wanaopokelewa wana 315 au zaidi. Hatafuti tena alama 14 zilizopotea barabarani. Anatafuta alama kama tano mpya, na hizo hupatikana kwa kusoma, hasa hesabu, na kwa kulala vizuri Kampala.

Makubaliano ya kaunta

Tulirudi dukani wiki tatu baadaye. Wawili hao walikuwa wamefikia makubaliano, na shangazi alikuwa ameyaandika kwenye lile daftari dogo.

Atalipia mitihani miwili mipya ya majaribio inayouzwa na ETS, ambayo kijana hajawahi kuiona. Ataifanya asubuhi, saa moja kamili, akianza na insha, akitumia jenereta ya dukani, simu ikiwa mikononi mwa shangazi. Saa haisimamishwi hata umeme ukikatika. Ukikatika, alama hiyo haihesabiwi, na haandiki yoyote. Wastani wa mitihani hiyo miwili ukifika 314, shangazi analipa ada ya mara ya pili, nauli, na usiku mbili za chumba. Usipofika, anaendelea kusoma, na fedha hiyo inanunua unga.

Kwa nini 314 na si 315? "Kwa sababu mzani unatikisika," anasema, na kumtazama kijana. "Si ndivyo mlivyoniambia?"

Kijana anasema kilichomuuma zaidi katika miezi hii si 308. Ni jioni aliyorudi kutoka Kampala na shangazi akamuuliza kama ile 322 ilikuwa kweli. Alidhani anaitwa mwongo. Hakuwa na jibu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameanza kujiuliza.

"Sikumdanganya," anasema. "Nilijidanganya mwenyewe kwanza, halafu nikampa yeye namba ile ile."

Mtihani wa kwanza kati ya miwili ameshaufanya, katika stoo nyuma ya duka, kati ya magunia. Lugha 154, hesabu 159. Jumla 313. Kwa mara ya kwanza aliandika insha, na kwa mara ya kwanza hakuacha swali tupu hata moja.

Wa pili ni Jumamosi hii. Fedha ya ada ipo ndani ya bahasha katikati ya daftari dogo, na lori la unga linatarajiwa Jumatatu. Shangazi amemwomba jirani amfungulie duka saa moja asubuhi, ili pasiwe na mteja wa kugonga mlango wa stoo.